Vitu Alivyoondoka Navyo Baba

Rajabu kanipigia simu wiki hii kuniambia anafunga kile chumba chake cha Mafiga. Mwenye nyumba anataka kujenga fremu za maduka, na yeye mwenyewe keshachoka kutengeneza simu za watu wasiorudi kuzichukua. Akasema katika kuhamisha vitu ameikuta chini ya meza ile kompyuta ya zamani, ile ya kichogo, akaniuliza kama naitaka kabla hajampa mtu wa vyuma chakavu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kazini. Duka la dawa unasimama tangu asubuhi, na ikifika jioni miguu haitaki tena kuitwa miguu. Nikamwambia ampe tu mtu wa vyuma, mimi nina chumba na sebule, sina pa kuweka kumbukumbu.

Lakini usingizi ulikataa, na sababu haikuwa kompyuta. Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa kanipigia jirani yake Baba kule Dakawa. Mgongo wa mzee umegoma, aliniambia, hawezi kuinama tena, na kwenye mpunga mtu asiyeinama hana kazi. Akaniuliza kwa adabu, ila kwa kunibana, kama mzee ana mtoto mwingine zaidi yangu. Hana. Kwa hiyo swali likabaki mezani kwangu: nimlete Baba kwangu Kihonda nikae naye, au nifanye kama alivyofanya yeye, niendelee na safari yangu. Nyie wa rika langu mnajua swali hili linavyochosha, maana karibu kila mmoja wetu siku hizi ana mzee wake anayengoja kujibiwa. Tofauti yangu ni kwamba mimi nilishampa Baba hukumu nikiwa mtoto, na hukumu yenyewe niliitoa kwa kufuata gemu.

Nianze na msiba. Mama alifariki nikiwa darasa la nne, kule kwetu mlimani, juu ya Mkuyuni, mahali ambapo ukivuta pumzi unasikia karafuu kabla hujasikia kitu kingine. Sikuambiwa anaumwa nini. Kwetu mtoto haambiwi mambo ya msiba, anaambiwa akacheze. Siku ile godoro la Mama lilitolewa nje likawekwa juani, wanawake wakajaa uani, na mimi nikapelekwa nyumba ya jirani nikapewa muhogo wa kuchemsha. Baada ya arobaini mama mdogo akanichukua kuja kuishi naye mjini, Mafiga, ili nisome. Baba alinisindikiza hadi barabarani. Alibeba mfuko wangu kichwani, akaupandisha kwenye gari, akaniambia nisikilize wakubwa. Nilidhani anarudi nyumbani kwetu kunisubiri likizo.

Rajabu ni mtoto wa mama mdogo, kwa hiyo ni kaka yangu. Wakati ule alikuwa kamaliza kidato cha nne, kafeli kwa furaha, na kafungua shughuli kwenye chumba cha mbele: kutengeneza simu, kuingiza nyimbo kwenye kadi, na mchana watoto wa mtaa wakija kucheza gemu za mpira. Chumba kilinuka risasi ya kuchomelea na jasho la watoto wanaotoka shule. Kelele yake mnaikumbuka. Mtu anafunga goli, kibanda chote kinapiga meza, na aliyefungwa analalamika kwamba pedi yake haibonyezeki.

Kompyuta ya pembeni haikuwa na foleni. Ndani yake kulikuwa na gemu moja ambayo hakuna aliyeitaka, iliyofika kwenye flashi ya mteja aliyeleta isafishwe virusi. Unaifungua, unajikuta umesimama mbele ya nyumba ya ghorofa, mlango uko wazi kidogo. Unaingia. Hakuna mtu, wala adui, wala bunduki, wala saa inayokukimbiza. Unatembea tu. Ukisogeza mausi kichwa kinageuka, ukibonyeza unafungua kabati au unaokota kikombe, unakizungusha ukakiona na chini, kisha unakirudisha. Unasikia hatua zako kwenye sakafu ya mbao na upepo nje. Watoto waliijaribu mara moja wakasusa. Gemu gani hii, walisema, hakuna hata wa kumpiga. Rajabu aliiacha kwa sababu ya uvivu tu wa kuifuta.

Mimi niliipenda nikaizoea kuliko chakula. Nadhani nilikuwa naishi kwenye nyumba ya namna hiyo, nyumba ambayo jambo kubwa limetokea na wote wanaojua wamenyamaza. Nikiingia jikoni mama mdogo na wenzake walibadilisha mazungumzo. Kwenye gemu angalau hakuna aliyenyamaza kwa ajili yangu. Vitu vilikuwepo, na vitu havimfichi mtoto.

Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia kwenye kumsalimia mwalimu asubuhi. Kwa hiyo nilisoma vitu. Nje ya madirisha ardhi yote ilikuwa nyeupe, miti haina jani hata moja. Nikaamua ni majivu, pamewaka moto mkubwa ukala shamba lote. Sebuleni kulikuwa na jiko la kuni ndani ya ukuta, na magogo yamepangwa kando. Hiyo ilinipa huruma sana. Watu wana ghorofa, lakini umaskini umewafikisha mahali wanapikia sebuleni, mbele ya wageni. Chooni kulikuwa na karai kubwa jeupe refu kama mtu, nikajua ni la kufulia mablanketi. Juu kulikuwa na vitanda, na kimoja hakikuwa na shuka wala godoro. Hapo nilisimama muda mrefu. Huyu ndiye aliyekufa, nilisema moyoni, godoro lake limetolewa nje.

Nilikuja kujua baadaye kwamba yale majivu yalikuwa theluji, na kitanda kile kilikuwa cha wageni. Siku zile nilikuwa na hadithi yangu kamili: moto, njaa, msiba, kisha watu kushuka mjini kwa ndugu. Ilikuwa hadithi nzuri, na haikuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba haikuwa yao.

Rajabu ndiye aliyeiharibu. Jumapili moja umeme ulikuwa umekatika ukarudi, watoto walishatawanyika, akakaa nami na Kiingereza chake cha kuunga. Nikamsimulia habari ya moto. Alicheka hadi akafuta macho, halafu akachukua mausi akanipeleka chumba kwa chumba. Kabati la chumbani lilikuwa na nguo upande mmoja, upande wa pili henga tupu. Kwenye kikombe cha miswaki kulikuwa na mswaki mmoja. Juu ya lile jiko la sebuleni palikuwa na fremu isiyo na picha. Hapa hajafa mtu, Rajabu alisema, hapa mke kahama. Nikamuuliza kajuaje na hajasoma hata karatasi moja.

"Mtu akihama, angalia kaondoka na nini," alisema. "Anachokipenda hakiachi. Huyu mama kaacha vyombo, kaacha mapazia, kachukua picha ya mwanawe. Umeona?"

Niliona. Niliona vizuri mno. Rajabu pengine aliyasahau maneno yale kabla hajainuka kwenye kiti, lakini mimi niliyachukua nikayaweka mahali pa kudumu. Mtoto akifundishwa kufungua kufuli moja anadhani amefundishwa kufungua milango yote.

Likizo ndefu ilipofika mama mdogo akanirudisha mlimani kwenda kusaidia kuchuma karafuu. Gari lilituacha Mkuyuni, tukapanda kwa miguu, tukipishana na akina mama wanaoshuka na mikungu ya ndizi na mafungu ya mdalasini. Njia nzima nilikuwa nikimpangia Baba mambo ya kumsimulia. Nilitaka nimweleze habari ya theluji, maana Rajabu alikuwa keshanieleza kidogo, ila nilipanga nimwache kwanza akisie kama nilivyokisia mimi, nione kama na yeye atasema ni majivu.

Tulifikia kwa Bibi, mama yake mama. Nyumba yake na yetu zilitazamana, katikati uwanja ambao karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye mikeka, nyekundu zikigeuka kahawia. Nikamwamkia Bibi, nikamwamkia Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, ambaye alikuwa amekaa kibarazani na fimbo yake, mtu wa maneno machache na kila neno likitiiwa. Kisha nikavuka uwanja kwenda kwetu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba.

Niliifungua nikaingia, na nitasema kweli, niliingia kama kwenye gemu. Nilisimama kwanza katikati ya chumba nikageuza kichwa polepole, kushoto, kulia. Ndani palikuwa na baridi, na harufu ya moshi ilikuwa imepoa. Vitu vya Mama vilikuwepo vyote. Sufuria zimefunikwa, kanga zimekunjwa kwenye sanduku, kitana chake kiko juu ya kioo na unywele umeng'ang'ania kwenye meno yake. Nilikiokota, nikakizungusha, nikakirudisha. Vitu vyangu navyo vilikuwepo. Mwanasesere wa maganda ya mgomba aliyenitengenezea Baba alikuwa kakaa dirishani. Ukutani ilikuwepo picha yetu sisi watatu, tuliyopigwa mjini sikukuu ya Idi, mimi katikati nimefumba macho kwa sababu ya jua.

Vya Baba havikuwepo. Jembe halipo, panga halipo. Redio haipo, na mahali ilipokuwa inakaa vumbi lilikuwa jembamba kuliko pengine, umbo la redio limebaki. Msala wake wa kuswalia haupo. Kofia yake haipo, na msumari aliokuwa akiitundika kofia nao haupo. Niligusa ukuta kwa kidole nikakuta tundu. Nikaangalia upande wa pili alipokuwa akitundika koti, nako tundu. Alikuwa kang'oa misumari yake yote akaondoka nayo.

Sikuhitaji Rajabu kunitafsiria. Mtu akihama, angalia kaondoka na nini. Baba alikuwa amechukua redio, amechukua jembe, amechukua hata misumari yenye kutu, na hakuchukua picha. Hakuchukua kanga hata moja ya Mama. Mwanasesere aliyemtengeneza kwa mikono yake mwenyewe alimwacha anatazama dirisha. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi au zaidi kidogo, na nilielewa siku ile, kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena katika jambo lolote, kwamba baba yangu alipenda misumari kuliko mimi.

Sikulia. Kwenye ile gemu hakuna kitufe cha kulia. Nikatoka, nikafunga ile kamba kama nilivyoikuta, nikarudi kwa Bibi nikaanza kumsaidia kutenganisha karafuu na vikonyo. Baadaye nikamuuliza Baba kaenda wapi.

"Kaenda kwao," Bibi alisema, mikono yake ikiendelea na kazi.

Alilisema jambo hilo kawaida kabisa, na kwake yeye lilikuwa jibu zima, halikuhitaji nyongeza. Mimi nikalisikia kwa masikio yangu. Kwao. Kumbe hapa hapakuwa kwao. Kumbe miaka yote ile alikuwa mgeni tu, na Mama alipoondoka yeye akakusanya vyake akafuata njia. Nikamtazama Mjomba pale kibarazani kama ataongeza neno, hakuongeza. Alikuwa ananitazama kwa upole, na upole ule ulinithibitishia kila kitu, maana watu wanakuonea huruma pale ambapo umeachwa kweli.

Miaka iliyofuata Baba alikuja Mafiga kila sikukuu. Alikuwa amehamia Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, na alikuja na mchele kwenye kiroba, mchele mpya unaonukia. Alikaa kwenye ncha ya kiti, miguu karibu na mlango. Hakulala hata siku moja. Mama mdogo alimbembeleza, akakataa, akasema ana maji shambani. Aliniuliza kama nasoma, nikajibu nasoma. Aliniuliza kama naumwaumwa, nikajibu siumwi. Nilimwamkia vizuri, nilimpa maji ya kunywa kwa mikono miwili, nilikuwa na adabu zote ambazo mtu humpa mgeni. Kisha nilikwenda chumba cha Rajabu nikawasha kompyuta, nikasikiliza hatua zangu kwenye sakafu ya mbao mpaka nisikie mlango wa mbele unafungwa.

Mtu atauliza: wewe Mluguru, hukujua mila za kwenu? Nilizijua. Nilipokua nilielezwa kama wanavyoelezwa wote, kwamba ardhi kwetu inakwenda kwa upande wa mama, kwamba mwanamume akioa anaweza kwenda kulima kwa ukweni lakini udongo ule haumhusu, kwamba mwenye sauti juu ya watoto ni mjomba. Nilizijua vile ambavyo mtu anajua tarehe za historia, za kujibia mtihani. Sikuwahi kuzishika nikazipeleka kwenye chumba kile chenye matundu ukutani. Hasira ukiizoea haikuumi tena, inakaa tu ndani kama fanicha, unaizunguka ukipita.

Basi baada ya simu ya jirani nikampigia Mjomba kwanza. Bado yu hai, sauti imekonda, mamlaka haijakonda. Nikamweleza hali ya Baba. Akasema pole, kisha akaniambia kwamba yule ni mtu wa kwao na wapo wapwa zake, watoto wa dada yake, hao ndio wenye jukumu. Wapwa wenyewe nawajua. Mmoja yuko Dar hashiki simu, mwingine ana wagonjwa wake. Nikamshukuru Mjomba nikakata. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini nikaenda Dakawa, na nawaambieni ukweli, sikwenda kwa mapenzi. Nilikwenda ili nisije nikasemwa.

Jua lilikuwa kali, mifereji imejaa, tope linanuka uchachu ule wa maji yaliyokaa. Kando ya majaruba ya mpunga watoto walikuwa wakipiga makopo kufukuza ndege. Jirani alinipeleka hadi mlangoni akaniacha. Baba alikuwa amelala ubavu, akataka kuinuka nilipoingia, nikamwambia asiinuke. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniomba radhi kwamba hana chai.

Na mimi, kwa mazoea yaleyale, nikasimama katikati ya chumba nikageuza kichwa. Kitanda, chandarua kilichotiwa viraka. Buti za mpira mlangoni zimekauka tope. Redio ileile, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Jembe limeegemea pembeni, mpini mpya. Kofia kwenye msumari. Hakuna kitu cha Mama. Hakuna kitu changu, hata ile picha ya pasipoti niliyompa nilipomaliza shule sikuiona. Nilihisi uchovu umenishuka mwili wote. Nimetoka Kihonda kuja kukuta tena nyumba ileile.

Sijui ni uchovu huohuo ulionifungua mdomo. Nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikamuuliza bila kumtazama kwamba siku ile alipohama kwa Bibi, mbona aling'oa hata misumari.

Alicheka, na kucheka kukamuuma mgongo. Akasema ile misumari alinunua mwenyewe. Halafu akaona sicheki. Akaanza kunieleza polepole, na nilishangaa kwamba hakuwa na siri yoyote, alikuwa anangoja tu kuulizwa. Baada ya arobaini, akasema, nikiwa nimeshapelekwa mjini, watu wa Mama walikaa kikao wakamwita. Hakuna aliyemtukana. Walimkalisha vizuri, wakamchinjia kuku, na Mjomba akaongea kwa heshima. Wakamwambia mwenzake ametangulia, nyumba iko kwenye ardhi ya ukoo, na mambo hayo yeye anayafahamu. Achukue kilicho chake chote, asibakize hata kitu kidogo, ili kesho na kesho kutwa asitokee mtu wa kwao akasema bado wana jambo pale. Kitu kikibaki, ugomvi umebaki, na ugomvi wa ardhi ungekuja kunidondokea mimi ambaye shamba lile ningekuja kulirithi. Basi akatoa jembe, akatoa panga, akatoa msala. Akang'oa misumari. Vya Mama hakugusa, vilikuwa vya ukoo, na picha ilikuwa ya marehemu.

Nikamwambia sawa. Nilidhani ameshamaliza. Alikuwa anatazama juu, kwenye chandarua.

"Nilipomaliza kufunga mzigo nikamuuliza mjomba wako neno moja," alisema. "Nikamwambia, mmesema nichukue kilicho changu. Na mtoto je, yumo?"

"Akasemaje?"

"Hakukasirika. Alinishika bega. Akasema, shemeji, hilo nawe unalijua." Akavuta pumzi. "Basi nikabeba redio."

Nilikagua nyumba ile kote, ukuta kwa ukuta, na kidole nikatia kwenye matundu. Hapakuwa na mahali ambapo swali lile lingeweza kuonekana. Niliisoma nyumba ya watu wa ng'ambo kwa mila za kwetu nikawazulia moto, na nyumba ya kwetu nikaisoma kwa mila za kwenye kompyuta nikamzulia baba yangu roho mbaya. Nililia pale kwenye ndoo, kwa kelele, mtu mzima na sare ya duka la dawa. Nilimlilia yeye na nilijililia mimi, na zile sikukuu zote za kukaa kwenye ncha ya kiti. Baba hakuninyamazisha. Alisubiri nimalize, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikamwambia twende kwangu. Akajifanya hakusikia. Nikarudia, nikamwambia sebule inatosha kitanda, na hospitali iko karibu, na mimi mwenyewe jioni nikirudi sina wa kuongea naye. Vidole vyake vikawa vinakunja na kukunjua pindo la shuka. Nilidhani ataniambia habari ya maji shambani.

"Hiyo nyumba ya nani?" akauliza. "Ya watu wa mama yako?"

"Hapana, Baba. Ni ya kupanga. Mwenyewe ni mama mmoja wa Ifakara, hatuna undugu naye wowote."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akashusha mguu mmoja chini, taratibu, kisha wa pili, akaninyooshea mkono nimwinue.

"Basi twende," alisema. "Nyumba ya kupanga haina mjomba."